Kabla hujamnunia binamu yako kwa ajili ya dada yake Spock

Miezi mitatu mimi na binamu yangu hatukusalimiana. Mama alidhani tumedhulumiana hela. Wateja wangu walidhani ni mwanamke, na hao hawakuwa mbali sana na ukweli, ila mwanamke mwenyewe hayupo duniani, ni mhusika wa tamthilia. Anaitwa Michael Burnham, na ni dada wa kulelewa wa Spock, mhusika mwenzake.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma. Juu ya kabati la vitambaa nina televisheni ndogo, na binamu yangu huja kutoka Gungu na flashi mfukoni. Tunachotazama ni Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za anga iliyoanza kurushwa tarehe 8 Septemba 1966 na mpaka leo inazaa tamthilia nyingine. Hesabu mwenyewe waandishi waliopita humo kwa miaka yote hiyo. Wengine hawajawahi hata kukutana. Lazima mmoja afunge mlango ambao mwenzake aliuacha wazi, na hapo ndipo mashabiki huanza kushikana mashati.

Spock ni nusu binadamu, nusu Vulcan, yaani mtu wa sayari nyingine. Tulikuwa naye miaka hamsini. Mwaka 2017 ikaja Discovery, tamthilia mpya ya Star Trek, ikatuambia kwamba alikulia nyumba moja na msichana wa kibinadamu, Michael, ambaye baba yake Spock alimchukua kumlea. Nikasema huyu wamembandika tu. Binamu akasema Spock hakuwahi kuulizwa. Nikamwambia hajui kitu, ameingia juzi. Neno hilo la "juzi" ndilo lililotugharimu miezi mitatu.

Sasa niwaambie niliyojifunza, maana najua wako wengine wanaonuniana hivi hivi.

Usiape kwa kumbukumbu. Fungua episodi mtazame. Mimi niliwahi kuapa mbele ya watu wanne kwamba jina la Kapteni Kirk, mkuu wa chombo anachofanyia kazi Spock, halijawahi kubadilika, ni James T. Kirk tangu siku ya kwanza. Tukawekeana ugali na mgebuka wa kuchoma. Binamu akachomeka flashi, akaweka episodi ya 1966 ambayo rafiki yake Kirk anapata nguvu za ajabu, anaanza kujiona mungu na kumchongea kaburi. Akasimamisha picha. Kwenye jiwe: James R. Kirk. R! Nilisogea mpaka pua ikakaribia kioo, sindano bado mdomoni. Nikaanza kujitetea kwamba yule rafiki alikuwa ameshachanganyikiwa, kakosea herufi. Watu wakacheka, na mgebuka nikanunua mimi, tena mkubwa, mwenye mafuta yanayotonea kwenye mkaa.

Ile hoja yangu ya kuchanganyikiwa, baadaye niligundua, mashabiki wengine nao huitumia. Ukweli ni kwamba tamthilia ilikuwa changa na jina lilikuwa halijatulia. Kukubali hivyo hakumuumizi mtu.

La pili nalisema kama fundi. Si kila tundu linataka kiraka. Chukua Waklingon, watu wa sayari nyingine humo kwenye Star Trek. Miaka ya sitini walikuwa watu wa kawaida waliopakwa rangi usoni, kwa sababu hela ya vipodozi ilikuwa ndogo. Kwenye filamu ya 1979 wakatokea na matuta ya mifupa kwenye paji la uso, na tangu hapo wakabaki hivyo. Kila mtu aliona, na kila mtu alijua sababu. Mwaka 1996 wahusika wa Deep Space Nine, tamthilia nyingine ya Star Trek, wakarudishwa nyuma hadi ndani ya episodi ya 1967, wakawaona Waklingon wa zamani wenye nyuso laini. Wakamgeukia Worf, Mklingon anayefanya kazi nao, wakitaka maelezo. Akajibu kwamba hilo wao huwa hawalizungumzi na watu wa nje. Basi. Nilicheka mpaka nikashona mkono wa gauni la mteja upande usio wake.

Huo ndio ushonaji. Tundu lipo, umelionyesha, umelipitia pembeni kwa adabu. Lakini 2005 Enterprise, nayo tamthilia ya Star Trek, ikatumia episodi mbili nzima kueleza kwamba kulikuwa na majaribio ya vinasaba, virusi vikatoroka, mapaji yakalainika. Binamu anazipenda episodi hizo. Mimi naona ni kiraka kipya juu ya shati lililopauka: sasa jicho haliendi kwingine. Na dada yake Spock yalimkuta hayo hayo. Sizoni ya pili ya Discovery ilipoisha 2019, watu wote wakapigwa marufuku kumtaja, eti ndiyo maana hatukuwahi kumsikia. Hakukuwa na haja. Aliyenionyesha kwamba hakukuwa na haja ni mzee ambaye Star Trek hajawahi kuiona.

Ilikuwa Ujiji, kwenye kijiwe cha kahawa. Mjomba alikuwa ametuita makusudi, bila kumwambia mmoja kwamba mwenzake anakuja. Tukakaa huku na huku ya birika, hatuangaliani. Mzee mmoja aliyekuwa akicheza bao pembeni, sisi wote humwita Babu, akataka kusikia kesi. Nikamweleza mimi kwanza.

"Huyo Spoku baba yake nani?"

"Balozi, Babu. Anaitwa Sarek."

"Na wenzake kazini walijua kwamba balozi ni baba yake?"

Nikanyamaza. Binamu akakohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Maana katika episodi moja ya 1967, balozi na mkewe wanapanda chomboni, Kirk anamwambia Spock ashuke akawaone wazazi wake, ndipo Spock anasema wazazi wenyewe ni hao hapo. Rafiki yake wa karibu alikuwa hajui! Na filamu ya 1989 ikaleta kaka wa mama mwingine, ambaye naye hakuwahi kutajwa.

Babu akanyanyua kete. "Hapa Ujiji kuna watu wamelelewa nyumba moja, hujasikia jina lao mpaka siku ya mirathi. Nyie mnagombana nini?"

Mimi nilikuwa nani hata nibishe, na mji wenyewe ndio huu. Stanley na Livingstone walikutana hapa 1871, na mpaka leo tarehe haijatulia: shajara zao hazilingani, na kurasa za Stanley za siku hiyo zilichanwa. Ukivuka Burundi utaonyeshwa jiwe la Mugere, na wako watakaokuapia kwamba walikutania pale. Hao walikuwa watu wa kweli, wenye kalamu mkononi.

Tulipokuwa tunarudi Mwanga nikamuuliza binamu kitu ambacho ningeuliza mapema zaidi: wewe ulianza na ipi? Akasema Discovery. "Mimi nilimjua Michael kabla ya Spock. Kwangu Spock ndiye aliyeletwa baadaye." Mimi nilianza na CD za Kapteni Picard, wa Star Trek iliyokuja baada ya ile ya Kirk, alizokuja nazo kaka yangu kutoka Dar. Muda wote nilikuwa namwambia mtu kwamba mwenyeji wake ni mgeni.

Jumamosi hii anakuja. Nimeandaa filamu ya 1982, pale Khan, adui wa Kirk, anapomtazama Chekov, aliyekuwa ofisa wa Kirk, na kusema sura yake anaikumbuka. Episodi ya Khan ilirushwa Februari 1967, na Chekov alikuja kwenye sizoni iliyofuata. Najua atasema alikuwa zamu nyingine, chombo kina watu zaidi ya mia nne. Safari hii mgebuka atanunua yeye, na nitamwacha ale kwanza.