Nataka kazi ofisi ya mshauri wa wanafunzi

SWALI: Shikamoo anti. Nimemaliza digrii ya sosholojia, natamani sana kazi ofisi ya mshauri wa wanafunzi chuoni. Zaidi ya cheti wanaangalia nini? Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Cheti lazima, ila kazi yenyewe ni kusikiliza, yani kusikiliza kweli, maana mtoto anakuja anasema bumu, yani hela ya mkopo ya kujikimu, limechelewa, ukimpa muda unagundua hajala toka jana au ana mimba na hajui amwambie nani, sasa ukikimbilia kumsema au siri yake ikafika kantini basi hakuna atakayerudi kwako tena. Soma ushauri nasaha, hata kozi fupi. Halafu ujue mambo ya Bodi ya Mikopo yanavyoenda, jina likikosekana kwenye orodha ya mkopo mtu anaanzia kwa afisa mikopo wa chuo, na uweze kukaa na viongozi wa serikali ya wanafunzi wakiwa wamekasirika bila kupandisha sauti. Kuandika ripoti nako muhimu. Kama ulikuwa CR, yani kiongozi wa darasa, andika kwenye CV, wengi wanaacha sijui kwa nini. Na omba kujitolea hosteli kwa wadeni, yani wasimamizi wa hosteli, ukigongewa saa nane usiku mwanafunzi kazidiwa ndo utajua kama unaiweza.