Re: Wiki moja Ufaransa kwa baiskeli, tupite njia gani?

Ndugu, kwa ulivyoeleza (wewe na shemeji, wiki moja, hamjazoea safari ndefu, na milima hamuitaki) nendeni bonde la mto Loire, kipande cha Blois hadi Saumur. Njia inaitwa La Loire à Vélo. Jumla yake ni kama kilomita 900, ila utamu uko hapo katikati: tambarare, vibao kila njiapanda, magari machache.

Kilomita 30 au 40 kwa siku zinatosha kabisa. Mkikimbizana na kilomita mtaipita Amboise bila kuingia Clos Lucé, nyumba alimofia Leonardo da Vinci mwaka 1519. Bustani za kasri la Villandry nazo zipeni nusu siku. Lakini mimi makasri yote nayaweka pembeni kwa kijiji kimoja, Candes-Saint-Martin, pale mto Vienne unapoingia Loire. Nyumba za mawe meupe ya chokaa, kanisa lililojengwa kama ngome, na kilima nyuma yake. Kokoteni baiskeli hadi juu, mtaona mito yote miwili ikikutana.

Upepo mara nyingi hutoka magharibi, yaani usoni kwenu. Shemeji akilalamika, anzeni Saumur mrudi Blois. Treni za mkoa hubeba baiskeli. Chakula nunueni asubuhi, maana vijijini maduka mengi hufungwa mchana, na Jumatatu hata mkate unaweza kuukosa. Mei au Septemba ndiyo miezi yake. Agosti vyumba ni vya kugombania.