Gari linalolala ndani, oili ubadilishe lini?
Kaka, umesema gari linatoka Jumapili tu Mtwara mjini mpaka Mikindani na kurudi, mwaka mzima hata kilomita 2,000 hazifiki, sasa usisubiri 5,000, mwaka ukitimia mwaga oili na filta yake badilisha hapohapo. Safari fupi injini haipati moto vizuri, unyevu unabaki ndani. La kwangu nilifungua kifuniko cha oili nikakuta utando kama mtindi, nikaanza kulipeleka safari ndefu mpaka Mingoyo kila mwezi ili injini ipate moto, ukaisha. Filta ya hewa ichomoe uiangalie, panya wanapenda sana kujenga humo. Ila stiki ya kupimia oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa na maji ya rejeta yanapungua, usiliwashe kabisa, ita fundi.