Baba ana madoa mikononi: aspirini iachwe?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 76, anaishi Kongwa. Mwaka jana alipata kiharusi, tukaambiwa mishipa yake imekakamaa kwa mafuta. Tangu hapo anameza aspirini ya miligramu 75 kila siku. Sasa mikono imetoka madoa ya zambarau bila kuumia popote, na majirani wanasema hiyo dawa ya kuyeyusha damu inammaliza damu. Tumwachishe? Na mlenda, aendelee kula?

JIBU: Marahaba. Msimwachishe wenyewe nyumbani.

Jina hilo la "kuyeyusha damu" linawatisha wengi. Aspirini haiigeuzi damu kuwa maji. Inazifunga mikono chembe sahani, zile zinazokimbilia penye jeraha na kushikamana ili damu ikome. Ndani ya mshipa uliokakamaa, tabaka la mafuta likipasuka, chembe hizo hudhani ni jeraha, zinajazana pale, donge linaziba njia ya damu kwenda ubongoni. Ndicho kiharusi. Chembe iliyopata aspirini haifanyi kazi tena hadi ife, na huishi siku 7 hadi 10. Kwa hiyo kidonge kidogo kwa siku kinatosha. Ugumu wenyewe wa mshipa aspirini haiugusi. Kuuzuia usizidi ni kazi ya dawa za presha na kolesteroli, nazo asiziruke.

Madoa bapa, yasiyouma, nyuma ya mikono, kwa umri wake hayanishangazi: ngozi imekuwa nyembamba, akijigusa mlangoni tu damu inavilia. Yakitokea tumboni na mapajani, au fizi zikitoka damu, aonwe.

Ninachokihofia mimi ni tumbo. Mzee mmoja aliwahi kuletwa kwangu, kanifungulia leso yake mezani: bahasha ya aspirini, na nyingine ya diklofenaki aliyonunua duka la dawa kwa ajili ya magoti. Nilipomvuta kope la chini, ndani palikuwa peupe. Mkewe akasema choo kilikuwa cheusi kama lami siku ya tatu ile. Dawa hizo mbili zikikutana, utando wa tumbo unachubuka na damu haikomi. Muulize baba taratibu anatumia nini kwa maumivu. Wazee wetu huwa hawaihesabu ya dukani kuwa dawa. Kwa magoti parasetamoli ni salama zaidi. Na kwa umri huo mwombeni daktari wake awaambie kama anahitaji dawa ya kulinda tumbo, na apime wingi wa damu.

Mlenda ale bila wasiwasi. Onyo la mboga za majani ni la wanaotumia wafarini, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, kwa sababu vitamini K iliyomo huipunguza nguvu, na hata hao hawakatazwi: wale kiasi kilekile kila wiki, na kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kisirukwe.

Hao majirani nao, kama hawajawahi kupata kiharusi wala shambulio la moyo, wasianze aspirini kwa kumwiga. Utafiti wa ASPREE, uliotolewa 2018, ulifuatilia wazee wenye afya zaidi ya 19,000 wa Australia na Marekani: aspirini haikuwaongezea miaka ya uzima, ila iliwaongezea kuvuja damu.

Choo kikiwa cheusi, akitapika damu, au akianguka na kugonga kichwa, hata akisema hajaumia, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, na dawa zake zote mkononi.