Nguzo namba 11 imegongwa, ikaitika vibaya

Swali: Mhandisi, najenga nyumba ya wageni ya ghorofa tatu Nzuguni, hapa Dodoma. Kiwanja kina udongo mweusi unaovimba mvua zikianza, kwa hiyo tulichimbia nguzo za msingi 18, kila moja urefu mita 10 na kipenyo sentimita 45. Wiki iliyopita alikuja kijana na kinyundo na kompyuta ndogo, akagonga vichwa vya nguzo, akasema namba 11 ina kasoro kama mita 4 chini. Mkandarasi anasema huo ni utapeli, tufunike tuendelee. Nimsikilize nani? – *Mama Wawili*

Jibu: Shikamoo mama. Usifunike.

Kijana yule hakukutapeli. Nguzo ikigongwa kichwani, mtikisiko hushuka ndani ya zege kwa kasi ya takriban mita 4,000 kwa sekunde, ukifika mwisho hurudi, na kipimo kilichobandikwa juu huunasa. Kwa nguzo yako, kwenda na kurudi ni mita 20, yaani milisekunde 5. Ukirudi baada ya milisekunde 2, ujue kuna kitu kimeugeuza njiani, kwenye mita 4. Mchirizi wa kwenye kompyuta ukiinuka upande uleule wa pigo la nyundo, hapo nguzo imebanwa au zege ni dhaifu. Ukienda upande wa pili, nguzo imenenepa, na hilo kwa kawaida halinitishi.

Ila udongo nao ukibadilika ghafla, kutoka laini kwenda mgumu au kutoka mgumu kwenda laini, hurudisha mwangwi. Kwa hiyo mwombe akuonyeshe michirizi yote 18 kwa pamoja. Ikiwa yote ina nundu pale mita 4, wa kushukiwa kwanza ni udongo. Ikiwa ni namba 11 peke yake, basi ni nguzo.

Kisha dai daftari la siku ya kumwaga zege. Shimo la vipimo vyako hula mita za ujazo 1.6 hivi. Kama namba 11 ilikula pungufu, huenda udongo uliporomoka ukachukua nafasi ya zege. Angalia pia kama kazi ilisimama katikati, mashine ilipoharibika au maji yalipokwisha.

Nalisema hili kwa uchungu. Miaka ya nyuma, kwenye saiti moja upande wa Msalato, niliambiwa vilevile kwamba kugonga ni mchezo. Tulichimba kando ya nguzo, na kwenye mita 3 nikaingiza ngumi yangu nzima mahali palipotakiwa kuwa na zege. Nondo zilikuwa wazi, zimeshikwa na udongo mwekundu, na kwa kidole niliweza kuuchokoa. Juu yake kichwa cha nguzo kilikuwa safi, kinang'aa.

Kwa hiyo, kwanza igongwe tena. Fundi achonge kichwa mpaka zege gumu lenye kokoto, aondoe lile tabaka laini la juu, kisha kipimo kibandikwe vizuri na igongwe mara kadhaa, sehemu tofauti. Jibu likibaki lilelile, chimbeni kando hadi mita 4 na nusu, kwa sababu kasi ile ni makisio na kina kinaweza kupishana kidogo. Shimo hilo lizuiwe kwa mbao pande zote kabla ya mtu yeyote kushuka, na lifanyike kabla ya mvua za Desemba. Kasoro ikithibitika, mhandisi wako apige hesabu upya: aidha zege bovu lichongwe na kumwagwa upya, au nguzo mbili ziongezwe ubavuni na kofia ya zege, ile inayofunga vichwa vya nguzo pamoja, ipanuliwe izishike.

Jambo moja zaidi: nyundo ile haikuambii nguzo inabeba tani ngapi. Hilo lina jaribio lake, la kuweka mzigo wenyewe, na kwa ghorofa tatu ningelifanya japo kwa nguzo moja.

Mkandarasi akigoma, mwandikie barua, nakala kwa mhandisi mshauri, na malipo ya hatua ya msingi yasitoke mpaka namba 11 ijibiwe.