Kabla Hujasema Rubani Alikosea

Kifuniko chenyewe kilikuwa cha turubai, urefu wake kama kiganja, kimevikwa kwenye mrija mdogo chini ya bawa la kushoto la ndege ndogo. Mrija huo ndio unaopokea upepo ili rubani ajue anakwenda kwa kasi gani. Usiku unafunikwa nyigu wasijenge ndani, asubuhi unafunuliwa, na kifuniko huwa na utepe mwekundu unaoning'inia ili mtu asikisahau. Utepe wa kile chetu ulikuwa umekatika. Kilibaki kipande cha kijivu, rangi ileile ya bawa. Niliona Jumatatu, nikajisemea nitaushona kesho.

Alhamisi rubani kijana akaanza kuikimbiza ndege, ina abiria wanne, na kifuniko bado kiko kwenye mrija. Katikati ya njia akaondoa nguvu ya injini na kukanyaga breki. Aliporudi, shati limemganda mgongoni kwa jasho, aliniambia tu, "Fundi, mshale wa kasi haukunyanyuka."

Alisimamishwa kazi wiki mbili. Kwenye fomu wakaandika: uzembe wa rubani. Na kweli, kuizunguka ndege na kuikagua kabla ya kuruka ni wajibu wake. Lakini mimi nilijua tangu Jumatatu, na nilinyamaza.

Nimekuwa fundi wa ndege ndogo kwa miaka 22, na kila ndege inapoanguka mahali simu yangu hujaa ujumbe wa ndugu na majirani: rubani mgeni, rubani alichanganyikiwa, rubani hakusoma mitambo. Miili haijatolewa, hukumu imeshatoka. Nawaomba msiwe na haraka hiyo, na sababu yangu kubwa ni safari ya Ethiopian Airlines namba 302.

Ndege hiyo iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi tarehe 10 Machi 2019, ikaanguka baada ya dakika sita. Walikufa watu wote 157, na Wakenya walikuwa 32. Miezi minne na kitu nyuma yake, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina hiyohiyo, Boeing 737 MAX ya Lion Air, ilikuwa imetumbukia baharini karibu na Jakarta na kuua watu 189. Baada ya ile ya kwanza wengi walisema tatizo ni marubani wa nchi zetu hizi, kwamba wenzao wa Marekani wangeiokoa.

Sasa tazama kilichokuwamo ndani ya ndege. Umbo la 737 ni la miaka ya 1960, liko chini karibu na ardhi. Injini mpya zilikuwa kubwa, ikabidi zisogezwe mbele na juu, na hapo pua ikawa na tabia ya kuinuka katika hali fulani. Boeing wakaweka programu iitwayo MCAS, inayoishusha pua yenyewe kwa kuzungusha bawa la mkia. Programu hiyo ilisikiliza kihisi kimoja tu, kijibawa kidogo kilichoko ubavuni mwa pua, kinachopima pembe ambayo ndege inaukabili upepo, wakati ndege inavyo viwili. Na kitabu cha marubani hakikuitaja.

Vijibawa vya namna hiyo nimevishika. Vinageuka kwa kusukumwa na kidole. Kwenye 302, cha kushoto kilisema nyuzi 74.5 na cha kulia kama 15. Tofauti hiyo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeiona, ila programu haikuwa imefundishwa kulinganisha. Wabunifu walikadiria kwamba rubani angetambua na kujibu ndani ya sekunde 4 hivi. Sekunde 4, huku usukani unatetemeka, kengele zinalia, na vipima kasi viwili vinapingana.

Marubani wale walikata umeme wa bawa la mkia, kama maelekezo yaliyotolewa baada ya Lion Air yalivyosema. Kisha wakajaribu kulirudisha kwa gurudumu la mkono, lakini upepo ulilikandamiza bawa kwa nguvu, gurudumu likakataa kuzunguka. Ni kweli injini zilikuwa bado kwenye nguvu ya kurukia na kasi ilipita kiasi, na hilo lilizidisha ugumu. Silifichi. Lakini anayeanza hadithi hapo ameanza katikati.

Wala sisemi rubani hana lawama kamwe. Kenya Airways 507 iliporuka Douala usiku wa tarehe 5 Mei 2007, ilikuwa nzima. Ililala upande wa kulia taratibu gizani, mtambo wa kujiendesha haukuwa umewashwa, na hakuna aliyekuwa akitazama vipimo. Walikufa watu 114. Uchunguzi wa Cameroon ulisema wazi kwamba marubani walipotewa na mwelekeo, na ukataja pia usimamizi dhaifu wa safari na uhaba wa ushirikiano kati yao. Hata pale, kosa lilikuwa na wenzake.

Kwa hiyo ukiletewa ujumbe wa lawama, usiusambaze. Kanuni za kimataifa zinataka ripoti ya awali ndani ya siku 30, na zinasema lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, siyo kugawa lawama. Isubiri. Ukiipata, usikimbilie aya ya chanzo. Soma marubani walikuwa wanaona nini mbele yao kila sekunde, halafu jiulize nani aliamua waone hivyo.

Nanyi mafundi wadogo zangu, kasoro ukiiona, iandike kwenye kitabu cha ndege siku hiyohiyo, kwa kalamu, na sahihi yako. Kumwambia mtu kwa mdomo hakutoshi. Bosi akikunja uso, mwache akunje.

MAX ziliporuhusiwa kurudi angani, kuanzia Novemba 2020, MCAS ilikuwa inalinganisha vihisi viwili na kushusha pua mara moja tu, kwa nguvu ambayo rubani anaweza kuishinda kwa mikono yake. Nilisoma hayo nikamkumbuka yule kijana. Katika zile wiki mbili alizokaa nyumbani, nilichukua turubai mpya na sindano ya kushonea mahema, nikashona kifuniko chenye utepe mwekundu wa mita mbili na nusu. Mwisho wake nilitia kitanzi, kinavishwa kwenye kitasa cha mlango wa rubani, mlango usifunguke mpaka kitolewe. Siku aliyorudi kazini nilimweleza habari ya Jumatatu. Alikishika kile kitanzi kwa muda mrefu, akakitoa, akafungua mlango.