Kabla ya kupanga cherehani upya, angalieni malipo

Nimesimamia laini za ushonaji katika kiwanda cha nguo Changamwe kwa miaka mingi, na wenzangu wa viwanda vingine huniuliza kwa nini utaratibu wa Toyota, yaani kupitisha kipande kimoja kimoja kwa mwenzako bila kurundika, ukiletwa kwao haudumu. Cherehani hupangwa kwa umbo la herufi U, sakafu hupigwa mistari ya rangi, mabango hubandikwa. Miezi michache baadaye mabando ya vitambaa yamejazana tena chini ya meza.

Mimi huanza na malipo. Mshonaji anayelipwa kwa kipande hawezi kukubali kushona kimoja, akampitishia mwenzake, kisha angoje. Kila kipande ni unga wa watoto wake. Mwenye mkono mwepesi atarundika tu, maana rundo hilo ndilo mshahara wake, na hakuna semina itakayomgeuza. Kwetu mambo yalianza kukaa sawa ulipowekwa mshahara usioshuka kwa kila mtu, pamoja na bonasi ya kikundi kizima kwa nguo zilizokamilika bila kasoro. Hapo wenye kasi wakaanza kuwafunza wenzao overloki, cherehani ya kufunga kingo za kitambaa. Bila hilo, asipofika mmoja, kazi yote inakwama.

Kisha kuna hofu ya kufutwa. Kazi ya watu kumi ikifanywa na saba, wale watatu waende wapi? Vibarua hujiuliza hivyo hata wakinyamaza. Mwenye kiwanda aahidi mbele ya wote, wawakilishi wa chama cha wafanyakazi wakiwepo, kwamba watahamishiwa laini nyingine. Na atimize.

Mwaka 1924 Sakichi Toyoda, mvumbuzi Mjapani ambaye mwanawe alianzisha kampuni ya magari ya Toyota, alikamilisha mtambo wa kufuma uliojisimamisha uzi ukikatika. Wazo hilo liliingia kwenye magari ya Toyota: mfanyakazi akiona kasoro, huvuta kamba inayowasha taa ya kuomba msaada. Nimeona dada akigombezwa kwa kuwasha taa ya namna hiyo, eti tageti ya saa itapungua. Hakuiwasha tena. Msimamizi anayepimwa kwa idadi pekee atagombeza tu, kwa hiyo badilisheni kipimo chake.

Akiba ya ghalani msikimbilie kuipunguza. Vitambaa vingi huja kwa meli, na kontena likichelewa bandarini Kilindini hata kikundi bora hukaa bure. Punguzeni rundo lililo kati ya cherehani moja na nyingine, hilo liko mikononi mwenu.

Anzeni na kikundi kimoja cha waliojitolea, mkipe oda halisi yenye tarehe ya kusafirishwa. Laini ya jirani itangoja kuona wenzao wamelipwa nini mwisho wa mwezi.